Milioni Moja Mkononi

*Shangazi, mimi ni mhasibu, nina shahada na uzoefu wa miaka minne kwenye kampuni binafsi. Nimejiwekea lengo la kupata milioni moja mkononi kila mwezi, lakini tovuti za ajira ni nyingi mpaka nachanganyikiwa. Moja inataka nilipe shilingi 30,000 kila mwezi ili maombi yangu yatangulizwe. Nijiunge na ipi?*
*Mhasibu, Tabata*

Mwanangu, kabla ya tovuti tuanze na hiyo milioni, maana waajiri hutaja mshahara kabla ya makato na wewe umetaja kinachobaki baada yake. Shika kalamu. Asilimia 10 ya mshahara inakwenda NSSF. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi ya PAYE, na sehemu yake inayozidi milioni moja hukatwa asilimia 30. Ili milioni iingie mkononi, inabidi mkataba useme takriban 1,315,000. Kama ulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo na bado unadaiwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi nayo inaondoka, na hapo unahitaji 1,725,000: NSSF 172,500, kodi 293,750, Bodi 258,750, wewe milioni yako. Tofauti kati ya mishahara hiyo miwili ni zaidi ya laki nne, na ndiyo inayowafanya vijana wengi washangilie barua ya ajira kisha wanyong'onyee siku ya kupokea hati ya mshahara.

Ukishaijua namba yako, tovuti utaichagua kwa jambo moja: inakuwezesha kujua malipo, au walau mlipaji, kabla hujatuma maombi? Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwenye Ajira Portal hutaja ngazi ya mshahara, kwa hiyo mtu anayezijua ngazi za serikali, yaani TGS, hapotezi usiku mzima kuandaa barua ya kazi isiyomfaa. ReliefWeb, inayoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya OCHA, hukusanya nafasi za mashirika ya misaada, na mashirika hayo nayo yanahitaji wahasibu. Kwa tovuti nyingine, fanya uchunguzi mwenyewe. Chagua tatu, na kwa wiki mbili usiombe chochote. Andika kwenye daftari kila tangazo la uhasibu: jina la mwajiri, miaka ya uzoefu inayotakiwa, tarehe ya mwisho, mshahara kama umetajwa. Utaona tovuti iliyojaa nafasi za wahasibu wasaidizi wa mwaka mmoja, na hiyo haikufikishi kwenye namba yako hata ikiwa na matangazo elfu. Utaona pia tangazo lilelile likirudi na tarehe mpya, la "kampuni kubwa inayokua kwa kasi" isiyo na jina. Hilo liache.

Utaniambia kampuni binafsi nyingi hazitaji mshahara, na ukizikwepa zote utabaki na nafasi chache. Ni kweli, na sikuambii uzikwepe. Jiji la New York limewalazimisha waajiri kutaja kiwango cha mshahara kwenye tangazo tangu Novemba 2022. Kwetu kazi ya kuuliza ni yako. Lakini kuuliza kunawezekana pale tu mwajiri alipojitaja, ndiyo maana jina lake lina uzito karibu sawa na mshahara wenyewe. Na wale watakaosema kazi nzuri hupatikana kwa kujuana, hawakosei sana. Ila hata anayejuana na watu lazima ajue amuulize nani kuhusu wapi. Majina yaliyomo kwenye daftari lako ndiyo utakayompelekea yule mliyesoma naye ambaye sasa ni mkaguzi wa hesabu.

Hizo 30,000 usizitoe. Kwa mwaka ni 360,000, na wakilipa waombaji wote, nani atakuwa ametangulia? Tovuti inayolipwa na mwajiri ina sababu ya kumpatia mtu anayefaa. Inayolipwa na mtafuta kazi inapata hela kadiri wewe unavyoendelea kukosa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unataka mawakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, na sababu yake naiona ni ya haki kabisa: asiye na kipato asigeuzwe kuwa kipato cha mwingine. Inanikera kuona vijana wakikopa bando na ada ili wapangwe kwenye foleni wasiyoiona mwanzo wake.

Wiki mbili zikiisha, bakiza tovuti mbili zenye waajiri wanaojitaja na nafasi za kiwango chako. Ukifika kwenye fomu penye kisanduku cha matarajio ya mshahara, usiandike "tutajadiliana". Andika namba yako, kisha uongeze maneno matatu: kabla ya makato.