SOMO: Mbona Mshubiri Wangu Hautoi Maua?



Katika toleo hili tunajifunza juu ya mimea ambayo wengi tunayo nyumbani lakini hatuifahamu vizuri: mishubiri, dungusi kakati na mingine yenye majani au mashina manene yanayotunza maji. Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: "Mmea wangu una afya, mbona hautoi maua?" Kabla ya kujibu, naomba nianze kwa kukiri kosa langu.

Miaka michache iliyopita nilishauri kikundi kimoja cha akina mama hapa Mbeya kiotesha mimea hii kwenye makopo ili waiuze. Niliwaelekeza kama ninavyoelekeza kwenye bustani ya mboga: samadi nyingi, na maji asubuhi na jioni. Walinitii. Kati ya makopo 40, zaidi ya nusu yalioza kuanzia mizizini, na fedha zilizotumika zilikuwa za mkopo wa kikundi. Mama mmoja alikuwa amesahau makopo yake mawili nyuma ya jiko, juani. Mwezi Julai yakachanua. Aliniita akasema, "Mratibu, njoo uone, wanafunzi wako watoro ndio waliofaulu."

Mimea hii inaishije?

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa, na kwa njia hiyo hupoteza maji mengi. Jamii hii hufanya kinyume. Hufungua vitundu usiku, wakati kuna ubaridi, huhifadhi hewa iliyovuta, kisha huitumia kutengeneza chakula jua linapowaka. Ndiyo maana inaweza kuvumilia kiangazi kirefu. Lakini mizizi yake haivumilii udongo uliolowa siku zote: hukosa hewa na kuoza.

Kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua hukatika kati ya Aprili na Mei. Wakati huo mmea umeshajaza akiba yake. Ukavu, usiku wa baridi na jua kali la mchana ndivyo vinavyouambia kuwa wakati wa maua umefika. Ukiendelea kuumwagilia na kuulisha samadi, utaendelea kutoa majani tu. Mishubiri yetu mingi huchanua kiangazi, wakati maua mengine ni machache, na hivyo ndege chozi na nyuki hupata chakula.

Umri nao ni jambo la kuzingatia. Chipukizi la mshubiri huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuchanua. Mkonge, ambao Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893, hutoa mlingoti wa maua mara moja tu katika maisha yake, kisha hufa. Kwa hiyo ukiona mkonge wako unakauka baada ya kuchanua, usijilaumu.

Tuitambue

Si kila mshubiri ni Aloe vera. Aloe vera yenyewe hutoa maua ya njano, na mishubiri mingi ya porini kwetu hutoa maua mekundu au ya rangi ya machungwa. Kakati karibu zote asili yake ni Amerika. Ni aina moja tu inayoota kiasili Afrika, Rhipsalis baccifera, nayo hainyooki jangwani bali hunin'ginia kwenye miti ya misitu yenye unyevu. Mnyaa hufanana na kakati lakini si ndugu yake. Ukiukata hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Mambo ya kufanya

1. Toboa kopo matundu kadhaa chini. Kopo lisilo na tundu ni kaburi la mmea.
2. Changanya udongo sehemu moja na mchanga mkavu au kokoto ndogo sehemu mbili. Walio karibu na Rungwe watumie vijiwe vyepesi vya volkano. Walio Iringa wanaweza kutumia vipande vya matofali ya kuchoma.
3. Kipande kilichokatwa kiache kivulini mpaka kidonda kikauke, ndipo ukipande. Usimwagilie kwa wiki moja.
4. Weka mahali penye jua angalau nusu siku. Mmea uliotoka kivulini uzoeshe taratibu, usije ukaungua.
5. Chomeka kijiti hadi chini ya kopo. Kikitoka na unyevu, usimwagilie. Kiangazi cha baridi, mara moja kwa wiki mbili au tatu hutosha.
6. Masika, sogeza makopo chini ya upenu. Penye sakitu, yafunike usiku.

Tahadhari

Utomvu wa mnyaa huunguza macho na unaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Ukimwingia mtoto, osha jicho kwa maji mengi safi yanayotiririka, kisha mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Usitupe vipande vya dungusi porini. Huko Laikipia, Kenya, dungusi limeenea kwenye malisho, na miiba yake inaumiza midomo na macho ya mifugo.

Aidha, usichimbe mishubiri ya porini kwa ajili ya kuuza. Mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya mishubiri kati ya nchi na nchi, isipokuwa Aloe vera. Otesha kutokana na machipukizi ya nyumbani.

Hitimisho

Kikundi kile kilianza upya kwa machipukizi ya yule mama aliyesahau makopo yake. Safari hii yeye ndiye aliyefundisha, nami nilikaa benchi la nyuma na daftari. Mkopo ulilipwa kwa kuchelewa, lakini ulilipwa. Nilijifunza kwamba kabla ya kumpa mtu ushauri ni vema kuuliza kwanza anachokihudumia kinahitaji nini. Huduma nyingi isiyotakiwa nayo huua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni mimea gani ya jamii hii ipo majumbani mwetu, na huchanua mwezi gani?
2. Je, uzio wetu wa minyaa uko mahali salama kwa watoto?
3. Ni wapi katika miradi yetu tumemwaga "maji" mengi mahali palipohitaji jua na subira?