Usiiweke Kabatini: Kuishi na Mashine ya CPAP Nyumbani

Kijitabu hiki ni cha mgonjwa aliyekwisha kupimwa ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini na kupewa mashine ya CPAP, pamoja na wote anaoishi nao. Wengi wanaoiacha hushindwa kwa mambo madogo: pua kukauka, barakoa kuvuja, kelele, au aibu mbele ya mwenzi. Karibu yote hayo yanarekebishika.

Kwa nini kila usiku?

Mwenye ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini akilala, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huziba. Pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni hupungua kwenye damu, ubongo unamshtua, anavuta hewa kwa mkoromo mkubwa, kisha koo linaziba tena. Ugonjwa ukiwa mkali, hali hii hujirudia mara 30 au zaidi kwa saa. Asubuhi kichwa kinauma, mchana anasinzia kikaoni, kwenye daladala, hata akiwa kwenye usukani. Nyumbani ataitwa mvivu, au itasemwa amekabwa na jinamizi. Mara nyingi shinikizo la damu nalo liko juu.

Mashine hii, ambayo Dkt. Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981, si mtungi wa oksijeni. Inapuliza hewa ya kawaida ya chumbani kwa msukumo unaozuia koo lisizibe. Haiondoi ugonjwa, inauzuia kwa muda ule tu unaoivaa. Usiku usipoivaa, koo huziba usiku huohuo.

Kliniki nyingi huhesabu saa 4 kwa usiku kuwa kiwango cha chini. Usiridhike na hizo. Kwa wengi pumzi hukatika zaidi kuelekea alfajiri, wakati usingizi wa ndoto unapozidi, na hapo ndipo watu wanakuwa wameshaivua. Ukiamka kwenda msalani au kula daku, ivae tena ukirudi kulala. Usingizi wa mchana nao unahesabika.

Wiki za mwanzo

Usingoje usiku kuizoea. Mchana, ukisikiliza redio, ishike barakoa usoni kwa mkono bila kufunga mikanda. Ukiizoea, funga mikanda, unganisha bomba, washa mashine, ukae nayo dakika 15 hadi 20. Kifua kikibana kwa hofu, ivue, pumzika, rudia kesho. Mashine nyingi zina kitufe cha kuanza na msukumo mdogo unaopanda taratibu; mwombe mhudumu akuonyeshe.

Shida za kawaida na suluhisho lake

*Pua au koo linakauka.* Tumia chombo cha unyevu cha mashine. Pua ikiziba, mwulize daktari kuhusu maji ya chumvi ya puani.

*Hewa inavuja, macho yanawasha.* Rekebisha mikanda ukiwa umelala, mashine ikiwa imewashwa, kwa kuwa sura hubadilika ukilala. Kukaza mno huzidisha uvujaji na kuacha vidonda kwenye mwamba wa pua. Ndevu nyingi pia huvujisha. Ikishindikana, omba saizi au aina nyingine.

*Mdomo unaachama.* Barakoa ya pua peke yake huenda haikufai; ipo inayofunika pua na mdomo.

*Tumbo linajaa gesi.* Unameza hewa. Msukumo huenda unahitaji kupimwa upya, usiubadilishe mwenyewe.

Usizibe vitundu vidogo vya barakoa kwa plasta ukidhani vinavuja. Ndimo hewa uliyotoa inamotokea.

Usafi, maji na umeme

Kila asubuhi osha sehemu ya barakoa inayogusa ngozi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uianike kivulini. Bomba na chombo cha maji vioshwe kila wiki. Kagua kichujio; vumbi likikigeuza rangi, kisafishe au kibadilishe kulingana na aina yake.

Chombo cha unyevu kinahitaji maji yaliyotoneshwa, yabadilishwe kila siku. Kuchemsha huua vijidudu lakini madini hubaki. Maji ya betri ya gereji usiyaguse, kwani mengine yana tindikali.

Weka mashine chini ya usawa wa mto ili maji yasitiririkie usoni. Bomba lipite chini ya ukingo wa chandarua, na shuka lisizibe inapovutia hewa. Umeme ukikatika, vua barakoa, ulale ubavu. Panapokatika mara kwa mara, uliza betri inayolingana na mashine yako. Kuzima chombo cha unyevu hupunguza sana matumizi ya umeme.

Mashine ya mtumba

Ndugu aliye ughaibuni akikuletea iliyotumika, ipeleke kliniki kabla ya kulala nayo: msukumo wake ulipangiwa mtu mwingine. Tena, Juni 2021 kampuni ya Philips ilianza kutaka mamilioni ya mashine zake zirudishwe kwa sababu sponji ya kupunguza kelele ndani yake iliweza kubomoka na kuvutwa na mgonjwa. Namba ya mashine ndiyo itakayoonyesha kama yako imo.

Kwa mwenzi na familia

Msimcheke mgonjwa, wala watoto wasiifanye mashine mchezo. Mwenzi ndiye anayejua kama mkoromo umerudi au barakoa imevuliwa saa tisa usiku. Aende kliniki pamoja naye. Mgonjwa aliyekata tamaa au mwenye huzuni isiyoisha aseme mapema, kwani hilo nalo lina tiba.

Kupunguza uzito, kuacha pombe na kutotumia dawa za usingizi bila idhini ya daktari husaidia. Hata ukipungua kilo nyingi, endelea na mashine mpaka upimwe upya. Dawa za shinikizo la damu usiziache.

Rudi kliniki mapema

Rudi ukisinzia mchana ingawa unaivaa, mkoromo ukirudi, au ukipata kidonda usoni. Ukisinzia, usiendeshe gari wala bodaboda. Nenda na mashine yenyewe, kwani nyingi hutunza kumbukumbu za saa ulizoivaa na hewa iliyovuja. Kabla hujaamua kuiacha, mweleze mhudumu shida moja inayokukera zaidi, mwanze na hiyo.