NGUZO HADI NGUZO: KUJIANDAA KWA MBIO BAADA YA KANSA

Somo hili ni la kusomwa kikundini. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni. Msiharakishe.

Mwanakikundi akitoka hospitali baada ya kutibiwa kansa, sisi hufanya nini? Kwanza tunafurahi. Tunampelekea unga na sukari. Halafu tunamwambia, "Mama, wewe kaa tu, usijichoshe." Tukienda kuchimba mtaro hatumwiti. Tukichagua kamati, jina lake hatulitaji. Nia yetu ni njema, lakini mwishowe yule mama anakaa kwake kama mgeni. Miguu inaishiwa nguvu, na moyo pia. Siku akisema, "Mimi nataka kukimbia zile mbio za kuchangia wagonjwa," wengine tunacheka, wengine tunaogopa.

Je, aambiwe hapana? Hebu kwanza tusikie habari ya kijana mmoja.

KIJANA WA CANADA

Terry Fox alizaliwa Canada mwaka 1958. Alipenda sana mpira wa kikapu. Mwishoni mwa 1976 alisikia maumivu kwenye goti la kulia. Akanyamaza, maana alitaka msimu wa mchezo uishe kwanza. Machi 1977 maumivu yakamzidi, akaenda hospitali, akaambiwa ni kansa ya mfupa. Alikuwa na miaka 18 tu. Madaktari walimkata mguu juu ya goti, kisha akatibiwa kwa dawa kali za kansa kwa miezi 16.

Usiku wa kuamkia siku ya kukatwa, mwalimu wake wa michezo alimletea gazeti. Ndani yake mlikuwa na habari ya Dick Traum, mtu wa mguu mmoja aliyemaliza marathoni ya New York mwaka 1976. Habari ile ilimkaa moyoni. Halafu huko wodini akaona vijana na watoto wakiteseka, na wengine hawakurudi nyumbani. Akaazimia kukimbia Canada kutoka upande mmoja hadi mwingine, achangishe pesa za kutafuta dawa.

ALIVYOJIZOESHA

Hakuamka siku moja na kukimbia marathoni. Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Thika. Terry alianza mazoezi ya mbio mapema mwaka 1979, na mwanzoni hata kilomita moja haikutimia. Mguu wa bandia haukutengenezwa kwa mbio. Ulimchubua na kumtoa damu. Alianguka mara nyingi. Lakini polepole, kilomita moja ikawa mbili, mbili zikawa tano.

Baadaye mwaka huo aliingia mashindano ya mbio ndefu. Alimaliza wa mwisho kabisa, tena dakika kumi nyuma ya aliyemtangulia. Watu walimpigia makofi huku wakilia. Kwake, kumaliza ndiko kulikuwa kushinda.

Safari yenyewe ilianza tarehe 12 Aprili 1980, mji wa St. John's, ambako alichovya mguu wake wa bandia katika maji ya bahari ya Atlantiki. Kila siku alikimbia karibu marathoni nzima. Aliwezaje? Aliikata safari vipande vipande. Hakuwaza juu ya nchi nzima. Aliwaza kufika kwenye kibao kile, kisha kupita kona ile, kisha kupanda kilima kile. Sisi tungesema: kutoka nguzo ya stima hii hadi ile.

SHILINGI MOJA YA KILA MTU

Terry aliomba jambo dogo: kila Mkanada atoe dola moja. Mji wa Port aux Basques ulikuwa na watu kama 10,000, nao ukatoa zaidi ya dola 10,000. Hiyo ndiyo harambee! Lakini alipopita jimbo la Quebec, ambako wengi husema Kifaransa, habari zake hazikuwa zimefika, na mchango ukawa mdogo. Tujifunze hapo: watu hawatoi kwa jambo wasilolielewa. Waelezwe kwa lugha yao, tena mapema.

Jambo jingine: alikataa mtu yeyote ajitajirishe kwa mbio zake. Gari, mafuta na viatu alipewa na makampuni, lakini aliyetaka kumtumia kutangaza bidhaa alimkatalia. Rafiki yake Doug Alward ndiye aliyeendesha gari na kupika. Hakukimbia peke yake, ingawa mguu ulikuwa mmoja.

JAMBO LA KUSIKITISHA

Sasa tusifichane. Tarehe 1 Septemba 1980, karibu na mji wa Thunder Bay, Terry alishikwa na maumivu ya kifua na kikohozi. Alikuwa amekimbia siku 143, kilomita 5,373. Hiyo ni kama Mombasa hadi Nairobi mara kumi na moja. Alipopimwa, kansa ilikuwa imeingia kwenye mapafu. Alifariki tarehe 28 Juni 1981, akiwa na miaka 22.

Mbio hazikumletea kansa. Lakini wakati wa safari alikataa kwenda kupimwa mara kwa mara, na hapo mwanzo alivumilia maumivu ya goti kwa miezi kadhaa. Hatuwezi kusema angepona. Tunaweza kusema hivi: ujasiri wake tuuige, lakini kukwepa daktari tusikuige. Anayeambiwa arudi kliniki baada ya miezi mitatu, arudi, hata kama anajisikia mzima kama chuma.

Kazi yake haikufa. Kufikia Februari 1981 mchango ulipita dola milioni 24, yaani dola moja kwa kila Mkanada. Mbio zinazobeba jina lake zilianza Septemba 1981, na mpaka leo zimechangisha zaidi ya dola milioni 800. Siku hizi wengi wenye kansa kama yake hutibiwa bila kukatwa mguu, pale matibabu yanapopatikana mapema.

SISI TUFANYEJE?

Zamani mgonjwa aliambiwa alale tu. Leo madaktari wanasema vingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unasema watu wazima, pamoja na waliotibiwa kansa, wakiweza wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Asiyeweza hivyo, hata kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Basi mwenzetu akitaka kujiandaa kwa mbio:

1. Aende kwanza kwa daktari aliyemtibu. Aulize: moyo wangu, mifupa yangu na damu yangu viko tayari?

2. Aanze kwa kutembea. Dakika kumi kwa siku zatosha. Akizoea aongeze dakika tano. Aweze kuzungumza anapotembea. Akishindwa, apunguze mwendo.

3. Baada ya wiki kadhaa achanganye: akimbie nguzo moja, atembee nguzo mbili. Apumzike siku moja au mbili kila wiki. Terry aliwahi kukimbia siku 101 mfululizo. Hilo tumwachie yeye.

4. Alenge kilomita tano kwanza. Marathoni nzima yaweza kuchukua mwaka au zaidi, na si lazima. Aliyetembea kilomita tano amechangia vilevile.

5. Ale vizuri: maharagwe, mayai, mboga, matunda. Anywe maji. Dawa kali za kansa huweza kuacha miguu na ganzi. Mwenye ganzi atembee mchana, barabara iliyo sawa, na viatu vinavyomkaa.

6. Asimame na aende hospitali akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukatika, homa, kutokwa damu, au maumivu mapya ya mfupa yasiyoisha. Aliyetolewa tezi za kwapani akiona mkono unavimba, asingoje.

Nanyi wanakikundi, mtu asiachwe afanye mazoezi peke yake. Wekeni zamu, wawili wawili. Kansa haiambukizwi kwa kutembea pamoja wala kwa kikombe. Na mkichangisha pesa, kila shilingi iandikwe, mtoaji apewe risiti, na mweka hazina asome hesabu mbele ya wote. Mchango wa wagonjwa ukipotea, mwaka ujao hakuna atakayetoa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani ametibiwa kansa au ugonjwa mwingine mkubwa? Tumempa kazi gani tangu arudi?

2. Kwa nini Terry alinyamazia maumivu ya goti? Sisi hunyamazia maumivu gani, na kwa sababu gani?

3. Kumaliza wa mwisho ni aibu? Toeni mfano wa hapa kijijini.

4. Kila nyumba ikitoa shilingi ishirini, tungepata ngapi? Zingemsafirisha nani kwenda kliniki?

KAZI YA WIKI HII: Chagueni watu wawili. Waende kwa yule mwenzetu anayekaa nyumbani, wasibebe ushauri mwingi. Waseme tu, "Twende tutembee kidogo, mpaka nguzo ile." Wakifika, wamuulize kama anataka kwenda ya pili.