MASHAURI YA USASI MILIMANI: NANI ATAICHUKUA NYAMA?

Msasi mgeni wa kazi hudhani kwamba usasi huanza pale mshale utokapo upindeni. Wasasi wa Ukambani walijua kwamba sivyo. Katika nchi iliyo jirani ya Katelembo, karibu na mji wa Machakos, viko vilima vya Iveti na Mua, na ziko nyika za Kapiti. Na aliyetaka kusaka katika nchi ya namna hiyo alipaswa kufanya shauri nyumbani kwanza. Mambo manne yalihitaji kufikiriwa.

Kwanza, wachukuzi. Katika jamii yote ya swala hakuna aliye mzito kama pofu. Dume aweza kufikia kilo 900. Tutwae pofu wa kilo 600 tu. Baada ya kuondoa ngozi, matumbo, kichwa na miguu, nyama na mifupa hubaki kama kilo 300. Mtu apandaye mlima akichukua kilo 25, ni mizigo 12. Watu watatu watalazimika kuchukua mizigo minne kila mmoja, na ikiwa njia ni ya saa mbili, jua litakuchwa kazi haijaisha, na fisi wamekwisha kufika. Huko Alaska, katika Marekani, yuko mnyama aitwaye moose, ambaye dume lake huweza kupita kilo 600. Wasasi wa huko nao husumbuliwa na jambo hili hili. Sheria yao huamuru kwamba nyama ifaayo kuliwa itolewe porini, wala pembe zisitangulie nyama. Basi asiye na wachukuzi wa kutosha na asisake mnyama mkubwa mbali na njia.

Pili, upepo. Alfajiri, kabla ya jua kupanda, hewa ya baridi huteremka kutoka kileleni kwenda bondeni. Kwa hiyo msasi humwendea mnyama kutoka chini. Jua likisha kupasha moto mteremko, hewa hugeuka ikapanda. Hapo humpasa kuzunguka na kumshukia kutoka juu. Majivu kidogo yakiachwa yaanguke mkononi huonyesha upepo uendako. Asiyeshika saa ya mageuzi hayo hutembea siku nzima akiona nyayo tu.

Tatu, silaha na subira. Sumu ya mishale ilipikwa kwa kuchemsha vipande vya mti ambao Wakamba huuita kivai, hata maji yakawa mazito na meusi kama lami. Ncha ya mshale ilifungwa kwa ngozi nyembamba ili sumu isikauke. Sumu hiyo husimamisha moyo. Nyama iliyozunguka jeraha hukatwa ikatupwa, na iliyobaki huliwa. Lakini mnyama aliyepigwa akifukuzwa mara moja hukimbia mbali, akafia korongoni asikofikika. Msasi mwenye akili huketi, husubiri, kisha hufuata damu polepole. Tena kila mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe, ili wakati wa kugawana nyama ugomvi usizuke.

Nne, ruhusa. Hapa ndipo msiba wa wengi ulipotokea. Zamani za ukoloni, mtu mwenye bunduki na fedha aliweza kununua cheti na kusaka katika sehemu iliyotengwa, naye akaitwa bwana. Mwenye upinde asiye na cheti aliitwa mwizi, hata ikiwa babu yake alisaka pale pale. Katika miaka ya 1956 na 1957 wasasi wengi wa Kikamba na wa Kiwaata walikamatwa katika msako uliofanywa Tsavo. Hawakukosa ujuzi wa upepo wala wa nyayo. Ruhusa ndiyo waliyoikosa.

Baada ya Uhuru, mnamo Mei 1977, Serikali ya Kenya iliwapiga watu wote marufuku kusaka, wenye bunduki na wenye upinde sawasawa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hukataza hata kusaka kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Katika Tanzania usasi wa cheti ungali halali, lakini cheti cha huko hakimfai mtu aliye Machakos. Kwa hiyo mtu wa Katelembo anayeharibiwa shamba na wanyama na apeleke habari kwa Shirika la Wanyamapori; upinde utampeleka kizuizini.

Hata hivyo maarifa yenyewe hayakukatazwa. Askari wa wanyama huhitaji kusoma nyayo, na aongozaye wageni milimani huhitaji kujua upepo, kama msasi wa zamani. Vijana wenye babu aliyepata kushika upinde wafanye vyema kumwuliza mambo hayo angali hai, na kuyaandika.