Leseni ya Serikali na Dhamiri ya Baba wa Nyumba

Mtu afikaye Makutupora, kaskazini ya mji wa Dodoma, huona mambo mawili ya kustaajabisha katika nchi kame ya Ugogo: maji na zabibu. Maji yatoka chini ya ardhi katika visima vya Mzakwe, nayo yamewanywesha watu wa Dodoma miaka mingi. Zabibu zatoka kwa wakulima waliojifunza kungoja. Mzabibu hauzai siku ile upandwapo. Wataka kupogolewa, kupigwa dawa na kulindwa na ndege, na mkulima hungoja zaidi ya mwaka mzima kabla hajaona shilingi ya kwanza. Mchumia juani hulia kivulini.

Leo twataka kusema juu ya fedha isiyotaka kungoja, yaani fedha ya michezo ya kubahatisha. Twajua ya kuwa katika nyumba nyingi za Kikristo jambo hili limekwisha kuingia. Baba apokea malipo ya zabibu kwa simu, na usiku ule ule simu hiyo hiyo yalia: ujumbe wa kampuni wamwita acheze. Mama hajui. Asubuhi ada ya mtoto imepungua.

Akiulizwa, baba hujibu hivi: “Kampuni ina leseni. Serikali imeruhusu. Kosa langu ni lipi?” Swali hili si la kipumbavu, basi yafaa tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza, leseni ni nini? Katika nchi yetu michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa Sheria ya mwaka 2003. Leseni ni ruhusa apewayo mwenye biashara, ili Serikali imjue, imkague, imtoze kodi, na kumlazimisha kumlipa aliyeshinda. Sheria hiyo hiyo yakataza mtu aliye chini ya miaka 18 asicheze. Haya yote ni mema. Lakini leseni haisemi neno lolote juu ya fedha iliyo mfukoni mwako, kama ni ya kuchezea au ni ya unga. Mwenye kilabu cha pombe naye ana leseni, wala hakuna mke aliyeridhika mumewe akinywa mshahara wote kwa kuwa kilabu kimeruhusiwa.

Pili, Kanisa lafundisha nini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2413, haisemi ya kuwa kila mchezo wa bahati ni dhambi kwa asili yake. Nasi tukumbuke ya kuwa parokia nyingi zimewahi kuuza tiketi za bahati nasibu ili kupata mabati ya kanisa. Ubaya waanza pale mchezo umnyang’anyapo mtu riziki yake au ya wale wanaomtegemea, na pale tamaa yake igeukapo kuwa utumwa. Kwa hiyo ulizo la Mkristo si “Je, imeruhusiwa?” tu. Ulizo lake ni hili: “Fedha hii ni ya nani?” Fedha ya ada ni ya mtoto, hata kama imo katika simu ya baba.

Tatu, tufanye hesabu, maana wengi hucheza bila kuhesabu. Tuseme timu mbili zenye nguvu sawa zapambana, na mmoja wao lazima ashinde. Kampuni yaahidi kukulipa shilingi 1,850 kwa kila 1,000 ukibashiri sawasawa. Watu wawili wakiweka 1,000 kila mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, kampuni yapokea 2,000, yamlipa mshindi 1,850, nayo yabaki na 150. Haijali nani ameshinda.

Sasa kijana aunganisha mechi tano za namna hiyo katika orodha moja, ambayo wenyewe huiita “mkeka”. Akipatia zote, shilingi yake 1,000 yamletea karibu 21,670. Moyo wamdunda! Lakini mechi tano zaweza kuisha kwa namna 32, na moja tu kati ya hizo ndiyo yake. Angenunua mikeka yote 32 angetoa shilingi 32,000 ili apokee 21,670. Zaidi ya shilingi 10,000 zimekwenda. Kadiri mkeka urefukavyo, ndivyo kampuni ibakivyo na fungu kubwa zaidi. Huu si wizi, wala hakuna aliyedanganya. Ni bei ya mchezo, nayo haikuandikwa mlangoni.

Nne, kwa nini jambo hili lauma leo kuliko zamani? Bahati nasibu si ngeni kwetu. Bahati Nasibu ya Taifa iliwekewa sheria mwaka 1974. Lakini zamani mtu alitoka nyumbani, akanunua tiketi, akangoja siku ya kuchezeshwa. Njiani aliweza kukutana na paroko, au na mkewe, au na akili yake mwenyewe. Tangu mwaka 2008, ilipoanza huduma ya kutuma fedha kwa simu nchini, sanduku la fedha na duka vimekuwa kitu kimoja. Simu yenyewe haina lawama, maana ndiyo imletayo mkulima malipo yake bila hatari ya wanyang’anyi. Ila imeondoa ile safari iliyokuwa kati ya tamaa na tendo, nasi hatuna budi kuirudisha kwa mapenzi yetu.

Wengine watasema, Serikali na ifute leseni zote. Majirani zetu wamewahi kujaribu njia kali. Mwezi Januari 2019 Rais Museveni wa Uganda aliagiza kampuni mpya zisipewe leseni, wala za zamani zisiongezewe muda. Julai mwaka huo Serikali ya Kenya ilizinyima leseni kampuni 27, na kuamuru namba zao za kupokelea fedha zifungwe. Hata hivyo kubeti hakukukoma katika nchi hizo. Sheria yaweza kufunga mlango wa duka. Haiwezi kufunga tamaa ya moyo. Wengine hutaja kodi, ya kuwa hujenga barabara na zahanati. Ni kweli. Lakini aliyekosa unga nyumbani hawezi kujisifu ya kuwa amejenga barabara.

Basi tufanye nini? Baba na mama waketi pamoja siku fedha inapoingia, kabla haijaguswa, watenge ada, chakula, dawa na zaka. Yule achezaye aandike kwa mwezi mmoja kila shilingi aliyotoa na kila aliyopata, amwonyeshe mwenzake. Kijana asipewe simu ya baba pamoja na namba ya siri. Jumuiya ndogondogo zisimcheke aliyenaswa, wala zisimtangaze. Zimsaidie kulipa madeni polepole, na kumwingiza katika kikundi cha kuweka na kukopa. Naye asione haya kwenda kwa padre, maana aliye mtumwa hajifungui peke yake.

Chini ya Msalaba askari walilipigia kura vazi la Bwana wetu, naye yu juu yao akitoa uhai wake kwa ajili yao. Walipata kanzu, wasimwone aliyekuwa mbele ya macho yao. Tuangalie, ndugu, tusije tukaitazama simu usiku kucha tukitafuta bahati, na huku mtoto tuliyepewa na Mungu amelala karibu yetu bila daftari.