Marudio ya Historia: Tarehe 9 Januari na 9 Julai (Maswali na Majibu)

Kwa watahiniwa wa mwaka wa mwisho wa sekondari, Juba. Zingatieni zaidi Swali la 3, maana ndilo lenye alama nyingi.

Swali la 1. Taja matukio mawili makubwa yaliyotokea tarehe 9 Januari. (alama 2)

Jibu: Mwaka 2005, kutiwa saini kwa mkataba wa amani ambao Juba nzima inauita CPA, katika Uwanja wa Nyayo, Nairobi. Mwaka 2011, kuanza kwa kura ya maoni ya Sudan Kusini. Andika "kuanza", kwa sababu upigaji kura uliendelea hadi tarehe 15.

Swali la 2. Nani walitia saini mwaka 2005, na nani alisimamia mazungumzo? (alama 3)

Jibu: John Garang kwa niaba ya harakati ya kusini, SPLM, na Ali Osman Mohamed Taha, makamu wa rais, kwa niaba ya serikali ya Khartoum. Msimamizi alikuwa Jenerali Lazaro Sumbeiywo wa Kenya.

Swali la 3. "Kufanana kwa tarehe hizi ni sadfa tu." Jadili. (alama 10)

Jibu: Si sadfa, ni hesabu. Itifaki ya Machakos ya tarehe 20 Julai 2002 ilikwisha kukubali kwamba watu wa kusini watajiamulia wenyewe baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita. Kabla ya kipindi hicho ingetangulia miezi sita ya matayarisho. Sasa shika kalamu uhesabu. Saini ni 9 Januari 2005. Ongeza miezi sita, unapata 9 Julai 2005, siku Garang alipoapishwa Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Ongeza miaka sita, unapata 9 Julai 2011, siku ya uhuru. Mkataba ulitaka pia kura ifanyike miezi sita kabla ya mpito kwisha. Rudi nyuma miezi sita: 9 Januari 2011.

Mtahiniwa hodari haishii hapo. Hesabu ya kwenye karatasi haijitekelezi. Sheria ya kura ya maoni ilipitishwa Desemba 2009 tu, tume ikaundwa mwaka uliofuata, muda ukiwa umebana, na wapo waliopendekeza kura iahirishwe. Viongozi wa kusini walikataa katakata. Kwa maoni yangu walifanya sawa, kwa sababu tarehe ikishasogezwa mara moja, kuisogeza mara ya pili ni rahisi. Ushahidi ni eneo la Abyei. Wakazi wake nao walipaswa kupiga kura yao siku ileile ya 9 Januari 2011, lakini pande mbili hazikuelewana kuhusu nani ana haki ya kupiga kura, na kura haikufanyika. Mfano huu ukiuweka, jibu lako litatofautiana na la wenzako waliokariri tu.

Swali la 4. Toa mfano wa tarehe zilizofanana kwa sadfa. (alama 2)

Jibu: Marekani. John Adams na Thomas Jefferson, marais wa zamani, walifariki siku moja, 4 Julai 1826, miaka 50 kamili tangu kupitishwa kwa Azimio la Uhuru. James Monroe naye akafariki 4 Julai 1831. Hakuna mkataba uliopanga hayo.

Swali la 5. Matokeo ya kura yalikuwaje? (alama 3)

Jibu: Asilimia 98.83 walichagua kujitenga. Sharti lilikuwa angalau asilimia 60 ya walioandikishwa wajitokeze, na idadi hiyo ilivukwa. Matokeo kamili yalitangazwa 7 Februari 2011.

Swali la 6. Kwa nini 30 Julai ni siku ya mashujaa? (alama 2)

Jibu: Garang alifariki siku hiyo mwaka 2005 katika ajali ya helikopta akitoka Uganda. Alikuwa ameapishwa siku 21 tu kabla. Mwaka 2011 azimio la uhuru wa Sudan Kusini lilisomwa na Spika James Wani Igga hapahapa Juba, kwenye uwanja lilipo kaburi la Garang.

Swali la 7. Eleza hali ya Juba tarehe 9 Julai 2016. (alama 4)

Jibu: Nchi ilitimiza miaka mitano. Serikali ilikuwa imekwisha kufuta sherehe kwa kukosa fedha. Tarehe 8 mapigano yalizuka Ikulu kati ya askari wa Rais Salva Kiir na wa makamu wake, Riek Machar, siku iliyofuata risasi zikapungua, na tarehe 10 vita vikarudi kwa nguvu hadi usitishaji mapigano wa tarehe 11. Mamia waliuawa. Usichanganye na vita vilivyoanza 15 Desemba 2013. Kosa hilo hujirudia mno.

Swali la 8. Sudan Kusini ilijiunga lini na Umoja wa Mataifa? (alama 1)

Jibu: 14 Julai 2011, ikiwa mwanachama wa 193.