SOMO LA MWEZI: SIMU PEKE YAKE HAIMFUNDISHI MTOTO

Mwezi huu tunajibu swali ambalo vikundi vingi vimetuuliza: Tukichanga pesa tununue simu kubwa au tabuleti ya watoto, itawasaidia masomoni? Jibu letu ni ndiyo, lakini kununua peke yake hakutoshi. Tufuate hatua zetu tatu kama kawaida.

KUONA

Tukumbuke mwaka 2020. Mwezi wa tatu shule zote zilifungwa kwa ajili ya korona. Mwezi wa kumi walirudi darasa la nne, la nane na kidato cha nne tu. Wengine walingoja mpaka Januari 2021. Taasisi ya kukuza mitaala, KICD, ilitoa masomo kwa redio, televisheni na intaneti. Lilikuwa jambo jema. Lakini mama mmoja alituambia hivi: "Simu ni moja, na ni ya baba yao. Anaondoka nayo alfajiri, anarudi usiku, chaji imeisha, na watoto ni wanne."

Na sisi tulikosea. Tulishauri kikundi kimoja kichange pesa za bando. Akina mama wakachanga, wengine kwa kuuza kuku. Wiki mbili watoto walitazama masomo, wakafurahi sana. Tulipowauliza wamejifunza nini, walituimbia wimbo wa kufungua kipindi. Hesabu yenyewe, hakuna aliyeweza kuifanya. Na pesa ilikuwa imekwisha.

Hata shuleni jambo hili lipo. Kuanzia mwaka 2016 serikali ilipeleka tabuleti katika shule za msingi za umma, kwa ajili ya darasa la kwanza, pamoja na kompyuta za walimu. Kuna shule zinazitumia vizuri. Mahali pengine tumezikuta zimefungiwa kabatini, vumbi juu.

KUAMUA

Kwa nini wimbo uliingia na hesabu ikakataa? Wazee kati yetu watakumbuka kwamba miaka ya 1980 kulikuwa na masomo ya Kiingereza kwa redio, kwa darasa la kwanza hadi la tatu katika baadhi ya shule za mashambani. Redio iliuliza swali, halafu ikanyamaza kidogo. Watoto wakajibu kwa sauti. Ndipo redio ikasema jibu. Na mwalimu alikuwa hapo hapo darasani.

Siri iko hapo. Mtoto hujifunza wakati chombo kimenyamaza na yeye anajibu. Watoto wa kikundi chetu walitazama tu. Hakuna aliyewauliza.

Kwa hiyo tusishindanishe simu na mwalimu. Kila mmoja ana kazi yake. Simu inaweza kurudia somo moja mara kumi bila kuchoka, na kuonyesha vile moyo unavyosukuma damu. Lakini haimwoni yule mtoto aliyekaa kimya nyuma kwa sababu hajaelewa. Huyo anahitaji macho ya mtu.

KUTENDA

1. Anzeni na mlicho nacho. Redio moja au simu moja yatosha watoto wachache wakikaa pamoja.

2. Mwombeni mwalimu, au kijana aliyemaliza kidato cha nne, achukue somo mara moja mahali penye intaneti na kuliweka kwenye memori kadi. Somo hilo litachezwa kwa simu nyingi bila bando.

3. Gawanyeni nusu saa: dakika kumi kusikiliza, kumi na tano kufanya kazi kwa daftari au kuhesabu punje za mahindi, tano za maswali. Wakati wa kazi, simu izimwe.

4. Mzazi ambaye hakusoma asijitoe. Amwambie mtoto, "Hebu nieleze mimi nielewe." Mtoto akishindwa kueleza, somo lirudiwe.

5. Mkubaliane ni nani anaweka simu, nani anaichaji, na saa ngapi. Na saa hiyo msichana asiitwe kuteka maji huku kaka yake akiendelea kusoma.

6. Katika mkutano wa wazazi, ulizeni bodi ya shule: Tabuleti zetu ni ngapi? Ngapi zinafanya kazi? Zinatumika siku gani? Mwulize kwa heshima, lakini msiondoke bila jibu.

MASWALI YA KUJADILIANA

Gawanyikeni watu watano watano, halafu mrudi pamoja.

- Mwaka 2020 watoto wetu gani waliachwa nyuma? Wako wapi leo?
- Kijijini kwetu ni nani anaweza kukaa na watoto jioni mbili kwa wiki? Tutamshukuru namna gani?
- Tukiwa na pesa ya kununua simu, je, tuna pia mtu, mahali na saa? Tukikosa kimoja, tuanze na nini?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha kikundi na mchague jambo moja tu la kuanza nalo kabla ya mkutano ujao. Haba na haba hujaza kibaba. Sisi tutapita kuwatembelea, na safari hii hatutauliza mmenunua nini. Tutamwomba mtoto mmoja afanye hesabu mbele yetu, simu ikiwa imezimwa.